Ukifika Mengo, Rudi na Kitabu

Wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa safari. Askari huhamishwa kikosi kabla mihogo aliyoipanda nyuma ya nyumba haijakomaa, polisi hupewa kituo kipya katikati ya muhula wa shule, na mama wa nyumbani ndiye afungaye na kufungua mizigo kila mara. Siku hizi safari hizo huvuka hata mipaka. Wapo maofisa waendao masomoni katika chuo cha makamanda cha Kimaka, Jinja. Wapo waendao katika mazoezi ya pamoja ya majeshi ya Afrika Mashariki. Na zipo familia ziendazo Kampala kwa harusi, kwa matibabu au kwa biashara ndogo ndogo. Msafiri arudipo nyumbani, watoto humzunguka na sanduku hufunguliwa. Hutoka vitenge, hutoka viatu, hutoka na redio. Ni nadra sana kutoka kitabu.

Leo tunamwomba kila aendaye Kampala atenge nusu siku azuru Mengo, mahali ambapo biashara ya vitabu ya nchi ile ilianzia, kisha aingie duka la vitabu na kurudi na kitu mkononi. Tunayo sababu inayowahusu hasa watu wavaao sare, na tutaieleza hatua kwa hatua.

Njia ya Natete

Msafiri atokaye Bukoba kwa basi huvuka mpaka Mutukula, hupita Masaka na Mpigi, na huingia Kampala kwa upande wa magharibi, mahali paitwapo Natete. Wazee wetu wa jeshi wanaijua njia hii vizuri kuliko sisi, kwani ndiyo waliyoifuata mwaka 1979, wakaiteka Masaka mwezi Februari na kuingia Kampala mwezi Aprili. Kutoka Natete, ukiendelea kuelekea mjini, utaona vilima vitatu vikisimama karibu karibu kama mafiga: Lubaga, Namirembe na Mengo. Mengo ndiko waliko Wabaka wa Buganda. Hapo utaliona jengo la Bulange, ambamo Lukiko, yaani baraza la Buganda, hukutana. Na kutoka hapo barabara moja iliyonyooka huelekea moja kwa moja hadi Lubiri, nyumba ya Kabaka.

Pale Natete ndipo alipokaa fundi mmoja wa Kiskoti, Alexander Mackay, mmisionari wa chama cha CMS, aliyefika Buganda mwezi Novemba 1878. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya kufyeka njia kutoka Saadani kwenda Mpwapwa, katika nchi yetu. Mackay alikuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa, na herufi zilipompungukia alizichonga mwenyewe. Akapiga chapa karatasi za kujifunzia kusoma, na vijana wa ikulu wakazigombea.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vitabu vya kwanza vilivyosomwa na vijana hao havikuwa vya Kiganda. Vilikuwa vya Kiswahili. Mackay alikuja na Injili zilizofasiriwa kule Unguja na Askofu Edward Steere, naye alimsomea Kabaka Mutesa katika Kiswahili, lugha ambayo Kabaka aliielewa. Hata kabla ya Mackay, mwaka 1875, Henry Stanley alipopita Buganda alimwacha ikulu kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, mtumwa aliyeachwa huru na kusomeshwa na wamisionari Unguja, ili amsomee Mutesa Biblia. Kijana huyo alifanya kazi yake kwa Kiswahili. Na kabla ya hao wote, Waislamu walikwisha kuileta Kurani katika ikulu ya Kabaka Suna. Waarabu na Waswahili wa pwani walifika huko tangu mwaka 1844, na Mutesa mwenyewe alijifunza kwao kusoma herufi za Kiarabu na kufunga Ramadhani.

Alama ya jambo hili imebaki katika vinywa vya Waganda mpaka leo. Kitabu wao hukiita ekitabo. Kusoma ni okusoma, na kalamu ni ekkalaamu. Hata waumini wa dini mpya, Waislamu na Wakristo, waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa kuwa mtu hakuweza kuingia dini bila kushika kitabu. Neno okusoma hata sasa kwa Mganda laweza kuwa na maana ya kwenda kusali.

Bei ya kitabu

Kusoma huko hakukuwa kwa bure. Katika miaka ya 1870 Waislamu vijana waliomkatalia Mutesa kwa ajili ya imani yao waliuawa. Tarehe 31 Januari 1885, katika utawala wa Mwanga, wanafunzi watatu wa Mackay waliuawa Busega, si mbali na Natete. Na tarehe 3 Juni 1886 wengi walichomwa moto Namugongo. Vita vya dini vilifuata na nchi ikapasuka. Hata hivyo, vita vilipotulia kidogo, watu hawakukimbilia nguo peke yake. Walikimbilia vitabu.

Fikiri, ndugu msomaji, jinsi kitabu kilivyofika Mengo katika miaka ile. Kilipigwa chapa London, kikaja kwa meli hadi pwani yetu, kikafungwa katika mzigo wa mpagazi na kubebwa kichwani kwa miezi mitatu au zaidi hadi kusini mwa ziwa, kisha kikavushwa kwa mtumbwi au mashua. Reli kutoka Mombasa haikufika ziwani ila mwishoni mwa mwaka 1901. Mizigo hiyo ilipofunguliwa Mengo, watu walisongamana mlangoni hata wauzaji wakaona shida ya kuuza.

Walilipa kwa simbi, zile kauri ndogo za baharini, maana ndizo zilizokuwa fedha ya nchi, na mpaka sasa fedha kwa Kiganda ni ensimbi. Wamisionari hawakupenda kugawa vitabu bure. Waliona kwamba mtu hukitunza alichokilipia. Huo ndio mwanzo wa duka la vitabu la Mengo. Ghala lile la CMS katika kilima cha Namirembe lilikua na kuzaa duka lililojulikana baadaye kama Uganda Bookshop, na vitabu vingi vya Kiganda vya karne iliyopita vina jina hilo katika ukurasa wao wa mwanzo.

Kiganda nacho hakikukawia kupata vitabu vyake. Injili ya Mathayo ilitoka mwaka 1887. George Pilkington, aliyefika mwishoni mwa mwaka 1890, akishirikiana na Mganda Henry Wright Duta Kitakule, aliifasiri Biblia nzima, nayo ikamalizika mwaka 1896. Pilkington hakuishi kuyaona matunda yake mengi, kwa kuwa aliuawa mwezi Desemba 1897 huko Busoga, wakati askari wa Kisudani walipoasi.

Mwaka 1900 likaanza kutoka hapo Mengo gazeti dogo la Kiingereza la wamisionari, Mengo Notes, na mwaka 1907 likafuata la Kiganda, Ebifa mu Buganda. Waganda wenyewe hawakubaki wateja tu. Katikiro Apolo Kagwa aliandika historia ya wafalme, mila na koo za nchi yake, akawa na mtambo wake mwenyewe wa kupigia chapa hapo Mengo. Karatasi zake zimehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1902 Kagwa alialikwa Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba, akafuatana na katibu wake, Ham Mukasa. Huyo Ham Mukasa aliandika kila alichokiona njiani, melini na mijini, na mwaka 1904 maandishi yake yakatoka kitabu London, yakiwa yamefasiriwa kwa Kiingereza na mmisionari Ernest Millar aliyesafiri pamoja nao. Huyo ni msafiri aliyerudi na kitu cha kudumu kuliko kitenge.

Mzigo mmoja, vitu viwili

Sasa tufike kwenye neno tulilokusudia. Misafara ile ya pwani iliyoleta Kiswahili Buganda ilibeba vitu viwili kwa wakati mmoja: kitabu na bunduki. Tusijifiche ukweli. Wafanyabiashara walileta vitambaa, simbi, bunduki na baruti, nao wakaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Katika mzigo huo huo, au katika kichwa cha mtu aliyeufuata, kulikuwa na kitabu. Lugha ilikuwa moja. Aliyeisikia sokoni aliisikia ikinunua watu, na aliyeisikia penye mkeka wa mwalimu aliisikia ikifundisha.

Baadaye upande mmoja wa mzigo ulizidi mwingine. Wamisionari walikwisha kupata vitabu vya Kiganda, na Kiswahili kikawaachia nafasi. Serikali ya kikoloni ilikitumia katika jeshi na polisi, nayo mwaka 1927 Gavana William Gowers alipotaka kitumike zaidi katika shule, upinzani mkali ulitoka Mengo hapo hapo. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika waraka wa kukikataa. Waliogopa kwamba lugha ya watu wao ingezama, na pamoja nayo haki zao katika ardhi na utawala. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo la mtawala anayeogopwa haliwezi kuipendezesha lugha. Kwa mwananchi wa kawaida wa Kampala wa miaka ya 1970 na 1980, Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani usiku: simama, shuka, lala chini, toa ulichonacho. Mama aliyepokonywa mkoba wake kwa lugha hiyo hawezi kulaumiwa akikunja uso mtoto wake akirudi shuleni akiikariri.

Hiyo ndiyo sababu tuliyosema inawahusu watu wa sare. Lugha haina hatia, lakini hubeba harufu ya mkono ulioishika. Sheria zimekwisha kufanya sehemu yake. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwezi huo huo, tarehe 7, dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili. Lakini sheria haiwezi kumwondolea mtu kumbukumbu. Kumbukumbu huondolewa na kumbukumbu nyingine iliyo bora. Askari mgeni anayeingia duka la vitabu Kampala, akavua kofia, akasalimu kwa adabu, akauliza kwa Kiswahili safi kitabu cha kumpelekea binti yake wa darasa la nne, amefanya kazi ambayo tangazo la serikali haliwezi kuifanya. Muuzaji atasimulia nyumbani jioni hiyo kwamba leo kuna askari alikuja, na hakuja kutafuta mtu.

Namna ya kuzuru

Anza na mahali penyewe. Panda Namirembe ukalione kanisa kuu la Mtakatifu Paulo lenye kuba, lililomalizika mwaka 1919 baada ya lile lililotangulia kuunguzwa na radi mwaka 1910. Katika kilima hicho ndipo alipozikwa Mackay, ambaye alifariki mwaka 1890 Usambiro, kusini mwa ziwa, upande wa kwetu, na mabaki yake yakahamishiwa hapo mwaka 1927. Shuka ukaitazame hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897. Kisha fuata ile barabara iliyonyooka kutoka Bulange kwenda Lubiri. Usitafute ukuta fulani na kusema duka la kwanza lilikuwa hapa au pale. Majengo hubadilika, na ya mwanzo yalikuwa ya matete.

Baadaye teremka mjini kwenye maduka ya vitabu ya leo, makubwa na madogo. Ukipata nafasi pita pia Mtaa wa Nasser, ambako wapiga chapa wamepangana mlango kwa mlango, usikie mitambo ikinguruma. Hao ndio wajukuu wa kile kimtambo cha Natete.

Uingiapo dukani, salimu kwanza. Mganda akiwa kazini huambiwa Gyebale ko, nasi tungesema pole na kazi. Kwa mwanamume ongeza ssebo na kwa mwanamke nnyabo. Maneno hayo mawili matatu yatakufungulia moyo wa mwenye duka kabla hujaanza Kiswahili chako. Usishike vitabu kwa mikono yenye mafuta ya muhogo wa kukaanga. Chukua kitabu, fungua ukurasa wa mwanzo, tazama nani ameandika, nani amepiga chapa, wapi na mwaka gani. Hicho ndicho kitambulisho cha kitabu. Kurasa zilizofifia, zilizopinda au zinazorukaruka ni dalili ya kitabu kilichochapwa kwa wizi, na kukinunua ni kumnyima mwandishi jasho lake. Mtu wa usalama hapaswi kununua mali ya wizi hata ikiwa ni karatasi. Omba stakabadhi, uiweke ndani ya kitabu; itakusaidia mpakani, na miaka ishirini baadaye itamwambia mwanao ulikuwa wapi siku ile.

Ununue nini? Nunua kitabu kimoja cha kila mmoja kadiri ya mfuko wako, wala si lazima kiwe kikubwa. Kwa watoto, chagua hadithi zenye herufi kubwa. Kwa mama, chagua kile anachokipenda yeye, si kile unachodhani kinamfaa. Wapo kina mama wanaopenda historia kuliko mapishi. Kwa wewe mwenyewe, tafuta kamusi ndogo au kitabu cha kujifunza Kiganda. Aombaye watu wajifunze lugha yake naye ajifunze yao.

Kitabu katika nyumba inayohama

Kina mama wa kambini watasema: vitabu tunavipenda, lakini mchwa wa nyumba hizi hawana simile, na uhamisho ukija mizigo haina nafasi. Neno hilo ni la kweli, nalo lina jibu kutoka Mengo kule kule. Wamisionari waliona mchwa wakimaliza vitabu kwa usiku mmoja. Basi Biblia za Kiganda zikapigwa chapa nene na fupi, kwa kipimo cha kuingia barabara ndani ya mkebe wa biskuti. Mkebe ulipokwisha biskuti ukawa kabati la kitabu.

Nasi tufanye hivyo. Kila nyumba ya askari ina sanduku la bati. Tenga dogo moja liwe la vitabu peke yake. Liinue juu ya matofali au magogo, lisiguse ukuta, maana mchwa hupanda kwa ukuta. Tandika gazeti kavu chini, tia majani makavu ya mwarobaini pembeni, uyabadilishe yakivunjika. Mara moja kwa mwezi, siku ya jua, toa vitabu uvianike kivulini vipate hewa, kwani unyevu ndio ndugu wa mchwa. Vifunike karatasi ngumu. Andika jina la mtoto, mahali na tarehe mliyokipata. Uhamisho ukija, sanduku hilo lipandishwe garini kama yapandavyo masufuria, bila ubishi.

Kuhusu fedha, tusidanganyane. Mshahara una mambo mengi. Lakini nyumba inayoweka kando fedha kidogo kila mwezi katika kopo, hata ya thamani ya soda mbili, itapata vitabu kadhaa kwa mwaka, na mtoto anayehama shule mara tatu atakuwa na mwalimu mmoja asiyehama. Mwalimu huyo ni lile sanduku.

Na baba akiwa mbali kwenye operesheni au masomoni, nyumba ifanye hivi: baba abaki na nakala moja ya kitabu, nyumba ibaki na nyingine. Wakubaliane kusoma sura moja kwa juma. Apigapo simu, asiulize tu kama karo imelipwa na kama mlango unafungwa. Aulize, sura ya tano mmeionaje? Mtoto atakua akijua kwamba sauti ya baba yake ya Kiswahili si ya amri peke yake. Anunue pia daftari, aandike kila jioni mistari michache ya aliyoyaona, kama alivyofanya Ham Mukasa mwaka 1902. Si lazima itoke London. Inatosha isomwe mezani nyumbani.

Watu wa Mengo wa wakati ule walihesabu simbi moja moja, wakalipa, wakaondoka na kitabu chini ya kwapa, na wengine kabla yao walilipa kwa uhai. Vitabu walivyoanza navyo vilikuwa vya lugha hii tunayoandikiana hapa. Basi, ndugu askari, ndugu polisi, nawe mama uendaye Kampala juma lijalo: katika ule mzigo wa zamani wenye vitu viwili, bunduki ni ya kazi yenu, nayo mmekwisha kukabidhiwa kwa sheria. Kile cha pili hamtakabidhiwa na mtu. Lazima mkinunue wenyewe.